Mungu Ndani ya Ala

Miongoni mwa panga zilizofuliwa katika Dola ya Kirumi kwenye karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo zipo chache ambazo wahunzi wake hawakuridhika na ubora wa chuma peke yake, bali walichonga mifereji myembamba kwenye bapa, karibu na kipini, wakaigongomea shaba ya manjano mpaka ikashikamana na chuma, kisha wakaisugua hata rangi kama ya dhahabu ikang'aa juu ya kijivu. Ufundi wa namna hiyo, wa kupachika madini ndani ya madini mengine, ndio ambao Waswahili huuita kutia njumu. Sura zilizochorwa kwa njumu hiyo si nyingi, nazo hurudiwarudiwa: huonekana Mars, mungu wa vita wa Warumi, amesimama na kofia ya chuma, mkuki na ngao, huonekana Victoria, mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa na shada la majani mkononi, na pengine tai wa jeshi akiwa katikati ya bendera. Panga zenyewe ni za aina iliyoitwa spatha, yaani upanga mrefu wenye makali pande mbili, ambao mwanzoni ulikuwa wa wapanda farasi na baadaye ukachukua nafasi ya gladius, upanga mfupi wa askari wa miguu.

Mahali zilipowekwa sura hizo panastahili kuzingatiwa kabla ya jambo jingine lolote. Kwa kuwa zimechorwa kwenye sehemu ya juu ya bapa, chini kidogo ya kipini, upanga ukiwa alani sura hizo hufunikwa zote, na huonekana pale tu mkono unapouchomoa. Fundi aliyetaka pambo la kuwapendeza wapita njia angalilitia kwenye ala au kwenye kipini, na mafundi wengi wa Kirumi walifanya hivyo. Aliyeitia sura ya mungu kwenye bapa alimficha mungu huyo wakati wa amani na kumfunua wakati wa kumwaga damu. Ni kweli kwamba mwenye upanga aliweza kuuchomoa mbele ya wageni wake ili wastaajabu, na majivuno ya namna hiyo hayakuwa haba jeshini, lakini hata majivuno hayo yalihitaji upanga utoke kwanza. Hivyo mungu wa upanga wa njumu alikuwa mungu wa saa fulani, na swali linalozaliwa hapo ni la kidini zaidi kuliko la ufundi: mungu aliyechorwa kwenye chuma yuko upande wa nani, wa aliyemchora au wa anayemshika? Na anapovuka mpaka wa watu waliomjua kwa jina, je, huvuka yeye mwenyewe au huvuka sura yake tu?

Swali hilo lisingekuwa na uzito kama panga hizo zingepatikana katika makambi ya Warumi peke yake. Ipo moja iliyopatikana South Shields, kaskazini mwa Uingereza, penye ngome ya Kirumi iliyoitwa Arbeia, nayo ina Mars upande mmoja na tai katikati ya bendera upande wa pili. Lakini nyingine nyingi zimetoka nje kabisa ya dola: katika makaburi ya Poland, katika vinamasi vya Denmark, na hata katika kaburi la Øvre Stabu, eneo la Toten nchini Norway, takribani kilomita 1,000 kutoka mpaka wa mto Rhine. Sababu moja ya hali hiyo haina fumbo. Kwa kawaida Warumi hawakuzika maiti pamoja na silaha, ilhali majirani zao wa kaskazini walizika panga na wafu wao au kuzitosa majini, na chuma kilichozikwa hudumu kuliko kilichoyeyushwa na kufuliwa upya. Kwa hiyo wingi wa panga za Kirumi ugenini unashuhudia ibada za wale waliozipokea kuliko unavyoshuhudia ukubwa wa biashara.

Namna zilivyovuka mpaka haihitaji maelezo marefu. Mwanasheria Paulus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alitaja kuwa kuwauzia maadui chuma, nafaka, chumvi, na hata jiwe la kunolea, ni kosa linaloweza kumgharimu mtu kichwa chake. Na sheria haikatazi kwa ukali kiasi hicho jambo ambalo hakuna anayelifanya. Panga nyingine zilikuwa zawadi kwa wakuu wa makabila waliohitajika kuwa marafiki, nyingine ngawira, na nyingine bila shaka zilirudi nyumbani viunoni mwa vijana waliokwenda kutumika katika vikosi vya askari wasaidizi wa Kirumi. Mara nyingi kilichosafiri ni bapa tu, lenye muhuri wa jina la mhunzi, na kipini kikatengenezwa na fundi wa kaskazini kwa mtindo wa kwao. Huo ulikuwa tayari mwanzo wa jibu: mkono mgeni ulikuwa umeshaushika upanga huo kwa masharti yake.

Kwa Mrumi, Mars hakuwa picha ya ukali tu. Alikuwa baba wa Romulus, mwanzilishi wa mji kwa mujibu wa masimulizi yao, na Mfalme Augusto alimjengea hekalu kubwa katikati ya Roma mwaka wa 2 KK kutimiza nadhiri aliyoiweka vitani. Neno nadhiri ndilo ufunguo wa dini ya jeshi la Kirumi: kamanda huahidi kabla ya vita, mungu hutoa ushindi, na kamanda hulipa baada ya vita, kwa mfumo unaofanana zaidi na mkataba kuliko mapenzi. Hata panga ziliingia katika mkataba huo. Mwanahistoria Suetonius anasimulia kwamba mwaka 69, askari walipomtangaza Vitellius kuwa mfalme katika mji wa Cologne kando ya Rhine, walimkabidhi upanga uliosemekana kuwa wa Julius Caesar, uliokuwa umewekwa katika hekalu la Mars. Na baadaye Vitellius huyo alipeleka kwa Mars wa Cologne jambia ambalo mpinzani wake Otho alijiua nalo. Silaha ilitolewa hekaluni ikiwa dhamana, silaha nyingine ikapelekwa hekaluni ikiwa malipo. Kwa fikira za namna hii, Mars wa njumu kwenye bapa hawezi kuwa pambo tupu: ni nadhiri iliyopachikwa ndani ya chombo kitakachoitimiza.

Upande wa pili wa mpaka walikuwapo watu ambao Warumi waliwaita Germani, jina la jumla kwa makabila mengi yaliyoishi mashariki ya Rhine na kaskazini hadi Skandinavia, ambayo hapa yataitwa Wagermani ili wasichanganywe na Wajerumani wa leo. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, aliyeandika kitabu chake juu yao mwaka 98, anaeleza kwamba watu hao waliona si heshima kwa walio mbinguni kufungiwa ndani ya kuta wala kupewa umbo la uso wa binadamu, na kwamba ibada zao zilifanyika katika misitu mitakatifu. Tacitus hastahili kuaminiwa kila neno, kwa sababu mara nyingi huwasifu washenzi ili kuwasuta Warumi wenzake, na katika kitabu hichohicho anataja sura na alama zilizotolewa msituni na kupelekwa vitani. Tena akiolojia imetoa sanamu za mbao zenye umbo la watu, kama zile mbili za mwanamume na mwanamke zilizopatikana katika kinamasi cha Braak, kaskazini mwa Ujerumani, zilizochongwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Hata hivyo mwelekeo wa jumla anaoueleza unabaki na ukweli wake: hakuna dalili ya kaskazini ya wakati huo kuwa na jeshi la miungu ya marumaru yenye nyuso, mavazi na majina yaliyoandikwa chini yake. Mars wa njumu alipofika huko, alifika mahali ambapo uso wa mungu ulikuwa jambo geni.

Ndiyo maana kaburi la Øvre Stabu linafaa kutazamwa kwa utulivu kuliko hazina nyingi zenye dhahabu. Humo, pamoja na upanga wa Kirumi wenye sura ya Victoria, ulipatikana mkuki ambao chuma chake kimechorwa neno moja kwa runi, yaani herufi za kale za Wagermani zilizoundwa kwa mistari iliyonyooka. Neno hilo ni raunijaz, ambalo wanaisimu wengi hulifasiri kuwa "mjaribu", yaani kile kinachoupima ushupavu wa ngao na wa mtu aliye nyuma yake, na maandishi hayo, ya nusu ya pili ya karne ya 2, ni miongoni mwa runi za kale zaidi zinazojulikana. Mtu mmoja alizikwa na silaha mbili zilizotiwa nguvu kwa njia mbili zisizofanana. Upanga ulipewa sura, mkuki ukapewa jina. Sura humwita mungu aje akae kwenye chuma. Jina halimwiti yeyote kutoka nje, bali hukifanya chuma chenyewe kiwe mtu, chenye tabia na wajibu, kiasi kwamba mkuki unaotupwa huenda kama mjumbe aliyetumwa. Msomaji aliyezoea panga za ulimwengu wa Kiislamu, ambazo bapa zake hubeba aya na majina ya Mwenyezi Mungu wala si sura ya kiumbe, atatambua kwamba mvutano kati ya jicho na neno ni wa zamani na haukwisha kaburini Toten.

Neno lenyewe liliweza pia kumbeba mungu bila uso wake. Kwenye kinamasi cha Thorsberg, kaskazini mwa Ujerumani, ulipatikana mfuniko wa shaba wa ncha ya ala, wa karibu mwaka 200, ulioandikwa kwa runi jina ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa la mtu aliyeitwa "mtumishi wa Wulthu", mungu anayedhaniwa kuwa ndiye Ull wa masimulizi ya baadaye ya Skandinavia. Mungu huyo hana umbo, hana mkuki wala kofia. Yumo ndani ya jina la mtu, na jina la mtu limo kwenye ala. Mbali zaidi mashariki walikuwapo hata ambao hawakuhitaji sura wala jina: Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa karne ya 4, anasema Waalani, wafugaji wa nyika, hawakuwa na hekalu lolote bali walichomeka upanga mtupu ardhini na kuuabudu kuwa ndio Mars. Ni Ammianus aliyelitia jina la Mars hapo, na hilo ndilo tatizo linalofuata.

Warumi walikuwa na mazoea ambayo Tacitus ndiye aliyeyapa jina la interpretatio Romana, yaani tafsiri ya Kirumi: mungu wa kigeni huitwa kwa jina la mungu wa Kirumi anayefanana naye kwa kazi, kama kwamba miungu ni maneno na kila lugha ina lake kwa kitu kilekile. Wagermani nao walijifunza kutafsiri kwa upande wao, na ushahidi wake bado unatamkwa kila juma katika lugha za kaskazini, ambako siku ya Mars iligeuzwa kuwa siku ya Tiw, mungu wao wa vita. Askari wa Kigermani waliotumika katika ngome ya Housesteads, kwenye Ukuta wa Hadrian nchini Uingereza, walisimamisha katika karne ya 3 madhabahu kwa "Mars Thincsus", jina ambalo nusu yake ni Kilatini na nusu ni la kwao, linalohusishwa na baraza la watu huru la kabila. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba mkuu wa Toten alimwona mwanamke mwenye mabawa kwenye upanga wake akabaki kapigwa na butwaa. Huenda alikuwa na jina lake tayari. Lakini tafsiri ya miungu, kama tafsiri ya mashairi, huokoa maana na kupoteza kitu kingine: Mars wa Kirumi alikuwa baba wa mji mmoja, mwenye hekalu lenye anwani, na hakuna jina la Kigermani lililoweza kumbebea ubaba huo kuvuka Rhine. Kilichovuka ni kazi yake, yaani vita. Ukoo wake ulibaki nyuma.

Jambo zito zaidi liko Illerup Ådal, bonde lililo karibu na mji wa Skanderborg, mashariki ya rasi ya Jutland nchini Denmark. Hapo palikuwa na ziwa, na mwanzoni mwa karne ya 3 wenyeji walitosa ndani yake silaha za jeshi zima walilolishinda. Uchimbaji ulioanza mwaka 1950 na kuendelea kwa vipindi hadi 1985, kipindi cha mwisho kikiongozwa na mwanaakiolojia Jørgen Ilkjær, umetoa takribani vitu 15,000: mikuki, ngao, hatamu za farasi, mikanda, sarafu za Kirumi, na panga nyingi ambazo bapa zake zina mihuri ya wahunzi wa Kirumi. Vitana vilivyochongwa kwa pembe za kulungu wa aina zinazopatikana Norway na Sweden vinaonyesha kuwa wavamizi walivuka bahari kutoka kaskazini. Vitovu vya ngao vilikuwa vya chuma kwa wengi, vya shaba kwa wachache, na vya fedha kwa wachache zaidi, hivyo kwamba cheo cha kila mtu katika jeshi hilo lililoangamia bado kinasomeka. Na kati ya panga hizo zimo zenye njumu ya Mars na Victoria.

Maana yake ni kwamba aliyeshindwa ndiye aliyekuwa na Ushindi mkononi. Aliuchomoa upanga wake akamfunua mungu wa kike mwenye shada, na mungu huyo hakumfaa. Mtu mwenye kejeli angeishia hapo na kusema kwamba sanamu haina kitu, kama manabii wa Israeli walivyosema mara nyingi, na asingekosea sana. Lakini kejeli haielezi walichofanya washindi. Upanga mrefu wa Kirumi ulikuwa mali ya thamani kubwa katika nchi isiyoweza kufua wa namna hiyo kwa urahisi, na mantiki ya kawaida ya vita ni kwamba mshindi huuvaa upanga wa adui, kama Daudi alivyouchukua tena upanga wa Goliathi, uliokuwa umefungwa nguoni nyuma ya naivera, vazi la kuhani, huko Nobu, akasema hakuna mwingine kama huo. Washindi wa Illerup hawakufanya hivyo. Walizikunja panga, wakazikatakata, wakachoma nyingine kwa moto, wakavifunga vitu katika mafurushi ya nguo, wakapanda mashua na kuvitupa katikati ya ziwa ambako hakuna ambaye angeweza kuvifuata. Panga zenye miungu zilikwenda pamoja na zisizo na miungu.

Baadhi ya wasomi wameliona jambo hilo kuwa fujo ya furaha ya ushindi, lakini furaha haifungi mafurushi. Maelezo yenye nguvu zaidi hutoka katika simulizi ya Orosius, mwandishi Mkristo wa karne ya 5, kuhusu Wakimbri, watu wa kaskazini waliowashinda Warumi huko Arausio kusini mwa Ufaransa mwaka 105 KK: anasema walirarua nguo, wakatupa dhahabu na fedha mtoni, wakavunjavunja deraya, wakazamisha farasi na kuwanyonga mateka mitini, hata mshindi asibaki na ngawira wala mshindwa asibaki na huruma. Orosius aliandika miaka zaidi ya 500 baada ya tukio na alipenda kutisha, ila alichokieleza kinafanana mno na ziwa la Illerup kiasi cha kutoweza kupuuzwa. Kilichokuwa kikifanyika ni kulipa. Kabla ya vita jeshi la adui lilikuwa limeshatolewa lote, watu na vitu, kwa yule aliyeombwa ushindi. Na aliyepewa jeshi zima hanyimwi upanga mmoja kwa sababu tu una njumu nzuri. Kuuvaa upanga wa Victoria kungekuwa wizi wa sadaka.

Kwa hali hiyo washindi wa Illerup walifanya jambo ambalo mhunzi wa Kirumi hakulifikiria: walimtoa mungu kuwa kafara kwa mungu. Kama waliijua sura ile kuwa ya mungu, basi walimchukulia kama mateka wa vita, mwenye cheo, lakini mateka; kama hawakuijua, basi waliitosa kama njumu. Matokeo ni yaleyale, na katika usawa huo wa matokeo ndimo lilimo jibu lao kuhusu sura. Hawakuivunja kwa chuki, kama wavunja sanamu wa zama nyingine, wala hawakuihifadhi kwa hofu. Walikana tu kwamba ushindi unaweza kukaa ndani ya chombo anachokishika mtu. Ushindi, kwao, ulitoka nje ya chuma na nje ya mkono, na ulipokuja ulidai malipo.

Warumi wenyewe hawakuwa mbali na wazo hilo kama panga zao zinavyoweza kupotosha. Walikuwa na ibada iliyoitwa evocatio, yaani kuita nje, ambayo kwayo kamanda aliyeuzingira mji humwomba mungu wa mji huo auache na kuhamia Roma kwa ahadi ya hekalu bora. Na mwanahistoria Livius anasimulia kwamba mji wa Veii ulipoanguka mwaka 396 KK, kijana mmoja alimuuliza Juno, mungu wa kike wa mji huo, kama anataka kwenda Roma, na wenzake wakasema sanamu imeitikia kwa kichwa. Taifa linaloamini kwamba Juno anaweza kuhama haliwezi kulalamika Mars akihamia Norway. Karne nyingi baadaye, madhabahu ya Victoria ilipoondolewa katika ukumbi wa Baraza la Seneti kwa amri ya Mfalme Gratianus mwaka 382, na seneta Symmachus akaomba mwaka 384 irudishwe bila kufanikiwa, swali lilelile lilikuwa likibishaniwa na watu wenye elimu kubwa. Augustino wa Hippo aliliuliza kwa ukali zaidi katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu: ikiwa Victoria ni mungu wa kike, mbona asiombwe yeye peke yake, na hao wengine wote wa vita wana kazi gani, na ikiwa ushindi ni zawadi anayoitoa Mungu kwa amtakaye, mbona zawadi inaabudiwa badala ya mtoaji? Washindi wa Illerup hawakuandika vitabu, ila kwa mashua na mafurushi yao walikuwa wameshakataa kuishika zawadi miaka takribani 200 kabla yake, ingawa Augustino angalimkana huyo mtoaji wao.

Ziwa la Illerup lilijaa tope na kuwa kinamasi, kisha likawa malisho, na panga zilijulikana tena pale mfereji wa kukausha maji ulipochimbwa mwaka 1950. Leo zimo katika jumba la makumbusho la Moesgaard, kusini mwa Aarhus. Hakuna anayehitaji kuzichomoa. Mars na Victoria wako nje ya ala mchana na usiku.